Stu Hart na Vijana wa Chumba cha Chini

Katika miaka ya 1960, kijana wa magharibi mwa Kanada aliyetaka kuwa mwanamieleka hakuwa na chuo cha kuomba nafasi. Alichokuwa nacho ni anwani moja. Alipanda kilima cha Patterson, upande wa magharibi wa jiji la Calgary, mpaka kwenye jumba la matofali lenye magari makuukuu uani, paka wasiohesabika na watoto wanaokimbizana, akabisha hodi. Akatokea mwanamume mwenye mabega mapana, masikio yamevimba na kukunjamana kwa miaka ya kusuguliwa mkekani, sauti nzito ya kukwaruza. Mwenyeji huyo alikuwa mpole. Mara nyingi alianza kwa kumlisha mgeni. Kisha akamuuliza kama angependa washuke chini, wajaribu kidogo.

Chumba cha chini, kilichojulikana kwa jina la Dungeon, hakikuwa na kitu cha kumvutia mtu. Kuta za mbao, mikeka iliyochakaa, vyuma vya mazoezi pembeni, na dari fupi lililotobolewa hapa na pale na watu waliorushwa juu. Stu Hart alimlaza mgeni wake, akaupitisha mfupa wa kigasha chake juu ya shavu, chini kidogo ya jicho, akafunga mikono na kuanza kubana taratibu. Hakuwa na haraka. Alimwachia mtu pumzi kidogo, akasogeza nyonga kwa kiasi cha upana wa kidole, akabana tena. Mgeni akagundua kwamba kifua na mabega aliyoyajenga kwa kunyanyua vyuma havikuwa na kazi pale. Wengi walipiga mayowe, na mayowe yale yalipanda ghorofani, kwa watoto 12 wa nyumba ile. Bret, ambaye ni wa nane, ameeleza mara nyingi jinsi alivyokua akiyasikia.

Baadhi ya vijana hawakurudi tena, na hiyo ilikuwa sehemu ya shabaha. Mieleka ya kulipwa ni mchezo ambao mshindi hupangwa kabla. Siku hizo watazamaji hawakuambiwa hivyo, na mapromota waliilinda siri ile kwa wivu. Kijana aliyeingia akidhani atacheza maigizo alitakiwa kwanza aonje mieleka halisi, aiheshimu, na akitoka nje asimwambie yeyote kwamba ni mchezo wa kitoto. Hiyo ndiyo sababu iliyotolewa. Ukisoma simulizi za waliopita mikononi mwake, hata hivyo, unaona sababu ya pili ambayo mzee mwenyewe hakuificha sana: alifurahia. Alikuwa fundi wa ufundi ambao hapakuwa tena na soko lake, na wageni wa chumba cha chini walikuwa nafasi yake ya kuufanyia kazi.

Stewart Edward Hart alizaliwa Saskatoon, katika jimbo la Saskatchewan, tarehe 3 Mei 1915. Baba yake aliandamwa na mgogoro wa ardhi aliopambana nao kwa ukaidi na kushindwa, na kwa muda familia iliishi kwenye hema katika mbuga za Alberta, ambako baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Walikunywa maziwa ya ng'ombe wao na kula walichowinda. Walipohamia Edmonton, kijana alijiunga na YMCA, na humo akawakuta wanaume wazima waliocheza mieleka ya asili ya Lancashire, Uingereza: unamshinda mwenzako kwa kumbana mabega mkekani au kwa kumkaza kiungo mpaka asalimu amri. Walimtesa kama yeye alivyokuja kuwatesa wengine. Hakukimbia. Alicheza pia mpira wa Kikanada katika timu ya Edmonton, lakini moyo wake ulikuwa mkekani, na mwaka 1940 alikuwa bingwa wa taifa wa mieleka ya ridhaa katika uzito wake. Mwaka huohuo Michezo ya Olimpiki haikufanyika kwa sababu ya vita. Bingwa akaingia jeshi la majini.

Mtu anaweza kujiuliza angekuwa nani kama angepata medali. Alipoachiwa na jeshi mwaka 1946 alikwenda New York kwa Toots Mondt, mmoja wa watu walioigeuza mieleka kuwa tamasha katika miaka ya 1920. Kwa hiyo mwanafunzi wa mieleka ya kweli akaenda kula mkate wa mieleka ya kupangwa. Huko Long Beach alikutana na Helen Smith, binti wa Harry Smith aliyewahi kukimbia marathoni kwa niaba ya Marekani katika Olimpiki ya Stockholm ya mwaka 1912. Walifunga ndoa tarehe 31 Desemba 1947, jiji likiwa limefunikwa na theluji. Helen alikuwa mcheshi, mpenda vitabu, na biashara ya mieleka hakuipenda hata siku moja. Aliishi ndani yake kwa zaidi ya miaka 50, akisaidia kuendesha ofisi na kulea wavulana wanane na wasichana wanne.

Mwaka 1948 Stu alianzisha kampuni yake ya mieleka Edmonton. Mwaka 1951 alinunua haki za kuandaa mieleka Calgary pamoja na lile jumba la kilimani lililojengwa mwaka 1905. Kampuni ilibadilisha majina kadhaa kabla ya kutulia kwenye jina la Stampede Wrestling. Kila Ijumaa watu walijazana Victoria Pavilion, sauti ya mtangazaji Ed Whalen ikawafikia wengine kwa televisheni, na kipindi hicho kikauzwa nje ya Kanada. Siku nyingine za juma wanamieleka walipakiwa kwenye gari na kuzungushwa Alberta, Saskatchewan na hata Montana, ng'ambo ya mpaka. Kutoka Calgary mpaka Saskatoon ni takribani kilomita 600, na katika majira ya baridi barabara ile ni barafu tupu. Wanamieleka waliochoka, waliolewa na waliojeruhiwa walikaa bega kwa bega saa sita au saba, wakashuka, wakapigana, wakapanda tena.

Nyumbani mambo yalikuwa ya ajabu yake. Kampuni ilimtumia dubu wa mieleka aitwaye Terrible Ted, na alipokuwa Calgary alifungwa chini ya ngazi za nyumba. Bret amesimulia kwamba akiwa mtoto alidondoshea miguu yake barafu tamu, akaining'iniza katikati ya ngazi ili dubu aje ailambe. Mezani walikaa majitu, mbilikimo, na watu ambao jioni iliyopita walikuwa wamemtukana baba wa nyumba mbele ya maelfu. Watoto walijifunza mapema kwamba adui wa ulingoni anaweza kuwa mtu anayekupitishia chumvi.

Kati ya wote walioshuka kwenye chumba cha chini, aliyemgusa Stu zaidi alikuwa Luther Lindsay. Lindsay alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Norfolk, Virginia, aliyeanza kazi wakati ambapo katika majimbo ya kusini mweusi na mzungu hawakuruhusiwa kupambana ulingoni. Katika miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa weusi wa kwanza kupewa nafasi ya kupigania ubingwa wa dunia dhidi ya Lou Thesz, na Thesz, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alimheshimu. Inasimuliwa na familia ya Hart kwamba Lindsay ndiye pekee aliyemweza Stu katika chumba kile. Badala ya kumchukia, Stu alimpenda. Lindsay alifariki Februari 1972 ulingoni Charlotte, moyo ulipomsimama mara baada ya kushinda, na Stu aliibeba picha yake kwenye pochi miaka yote iliyobaki. Mtu aliyepima watu kwa mkeka hakuwa na haja ya kipimo kingine, na katika nchi na enzi ile, hilo halikuwa jambo dogo.

Wengine waliingia kwa kiburi. Archie Gouldie, kijana wa mashambani kutoka Carbon, Alberta, alijitokeza akitaka kuonyesha kwamba wanamieleka si lolote. Stu alimshusha chini, akamkunja vya kutosha, kijana akaenda zake. Alirudi baadaye kuomba afundishwe, na ulimwengu ukaja kumjua kama Mongolian Stomper, mmoja wa watu waliochukiwa kwa mafanikio makubwa zaidi katika historia ya Stampede. Mwaka 1969 alikuja mtunisha misuli aitwaye Wayne Coleman, ambaye baadaye, kwa jina la Superstar Billy Graham, aliubadilisha mwonekano wa mieleka yote ya Marekani: nguo za rangi, maneno mengi, mikono ya kutisha. Ukimtazama Graham huoni chochote cha Stu. Ufundi wa mwalimu si lazima uonekane kwa mwanafunzi.

Kwa watoto wake hali ilikuwa tofauti. Wavulana wote wanane waliingia kwenye biashara kwa namna moja au nyingine, na mabinti wote wanne waliolewa na wanamieleka. Bret mwenyewe alifundishwa kazi ya ulingoni hasa na Wajapani wawili waliokuwa wakiishi Calgary, Katsuji Adachi na Kazuo Sakurada. Baba alikuwa amekwisha kumpa maumivu. Hao walimpa namna ya kuanguka, kuinuka na kusimulia hadithi kwa mwili. Kisha mwaka 1978 akaletwa kutoka karibu na Wigan, Uingereza, kijana mdogo wa umbo, mkali kama wembe, Tom Billington, aliyeitwa Dynamite Kid. Baada yake akaja binamu yake Davey Boy Smith. Kukutana kwa Waingereza hawa, Wajapani na watoto wa Hart kulizaa mtindo ambao haukuwapo kwingine Amerika Kaskazini wakati huo: wa kasi, wa kurushana kwa nguvu, lakini wenye mantiki ya mieleka halisi ndani yake. Wanamieleka vijana wa Japani walitumwa Calgary kunolewa, akiwamo Keiichi Yamada, aliyevaa baadaye barakoa ya Jushin Liger.

Mwaka 1984 Vince McMahon wa New York, aliyekuwa akizimeza kampuni za mikoa moja baada ya nyingine, alikubaliana na Stu kuinunua Stampede. Kwa mujibu wa Bret, fedha zilizoahidiwa hazikulipwa. Mzee aliifufua kampuni mwaka uliofuata, ikajikongoja mpaka mwisho wa muongo, na katika miaka hiyo ya mwisho ikawatoa Owen Hart, Brian Pillman na Chris Benoit. Lakini nguvu ilikuwa imehama. Bret, Davey, Dynamite na shemeji yao Jim Neidhart walikuwa kwenye kampuni ya McMahon, na hapo ndipo watazamaji wa sehemu nyingi za dunia, wa Afrika Mashariki wakiwamo, walipolijua jina la Hart kwanza: miwani ya rangi ya waridi, nywele zilizolowana, na yule aliyejiita mbora kuliko wote waliopo, waliokuwapo na watakaokuwapo.

Tarehe 29 Agosti 1992, uwanja wa Wembley, London, kampuni ya McMahon ikatangaza kwamba watu zaidi ya 80,000 wamehudhuria. Bret alipangiwa kupoteza kwa Davey Boy, mume wa dada yake Diana. Kwa simulizi la Bret, dakika chache baada ya kengele Davey alimnong'oneza kwamba amepotea, hakumbuki walichopanga. Bret akaubeba mchezo wote, akimwelekeza mwenzake kila hatua kwa sauti ya chini huku nyuso zao zikiwa zimefichwa katika kabari, na watazamaji hawakujua kitu. Ukiitazama mechi hiyo leo ukijua habari hii, unaona kila anapomkaba anapumzika na kuzungumza. Wapenzi wengi wa mieleka wanaihesabu kati ya mechi bora za muongo ule. Wiki sita baadaye, tarehe 12 Oktoba, Bret alimshinda Ric Flair na kuwa bingwa wa dunia wa kampuni hiyo. Mji ulikuwa Saskatoon, alikozaliwa baba yake.

Bret amejivunia jambo moja kuliko mikanda: kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kumjeruhi vibaya mpinzani. Hapa ndipo, kwa maoni ya mwandishi, chumba cha chini kinapojitetea vizuri zaidi. Mtu aliyekandamizwa shavu mpaka akadhani jicho litatoka anajua hasa maumivu yanapoanzia, na anayejua yanapoanzia anaweza kusimama kabla ya kufika. Desemba 1999 teke la Bill Goldberg, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyepandishwa haraka kuwa nyota, lilimpata Bret kichwani. Mtikisiko wa ubongo uliofuata ulimaliza kazi yake.

Jina la Dungeon, wakati huohuo, lilikuwa limegeuka kuwa cheti, na vyeti huleta wenye vyeti vya mashaka. Chris Jericho na Lance Storm walianza siku moja mwaka 1990 katika kambi iliyobeba jina la ndugu wa Hart, lakini kambi hiyo ilikuwa Okotoks, kusini mwa Calgary, na mwalimu wa kila siku alikuwa Ed Langley. Jericho amelisema hilo waziwazi. Wapo waliokunjwa mara moja kwenye mkeka wa Stu wakaishi kwa hadithi hiyo miaka 30.

Julai 1997, katika uwanja wa Saddledome wa Calgary, familia ilikuwa kileleni. Bret, Owen, Davey, Neidhart na Pillman walishinda mbele ya watu wa nyumbani, na mwishoni ukoo mzima ukapanda ulingoni, Stu na Helen wakiwamo. Ndani ya miezi minne hivi Pillman alikuwa amefariki akiwa na miaka 35, na Bret alikuwa ametapeliwa Montreal. Tarehe 9 Novemba mpinzani wake Shawn Michaels alimfunga kwa mbano wa Bret mwenyewe, Sharpshooter, na McMahon akiwa kando ya ulingo akaamuru kengele ipigwe ingawa Bret hakuwa amesalimu amri. Katika mchezo unaosimama juu ya mwenzako kukukabidhi mwili wake, hakuna kosa kubwa kuliko hilo.

Kisha likaja lililozidi yote. Owen, kitinda mimba, mchekeshaji wa familia, alibaki kwenye kampuni baada ya kaka yake kuondoka. Tarehe 23 Mei 1999, Kansas City, alipokuwa akiandaliwa kushushwa kwa kamba kutoka darini mwa ukumbi wa Kemper Arena akiwa na vazi la shujaa wa vichekesho, ndoano iliachia. Alianguka zaidi ya mita 20, akafa akiwa na miaka 34. Onyesho liliendelea. Mjane wake, Martha, alifungua kesi iliyomalizwa mwaka 2000 kwa dola milioni 18, lakini kesi ile iliigawa familia: wapo waliomuunga mkono, wapo waliokuwa bado wanataka kazi kwa McMahon, na meza ya Jumapili ya kilimani haikupona. Helen alifariki Novemba 2001. Davey Boy akafuata Mei 2002, miaka 39.

Stu alitunukiwa nishani ya Order of Canada mwaka 2001, heshima ya kiraia ya juu nchini kwake, kwa mchango wake kwa mieleka na kwa kazi zake za hisani. Alifariki tarehe 16 Oktoba 2003 akiwa na miaka 88, na jumba likauzwa. Hakuiona Juni 2007, wakati Chris Benoit, aliyeabudu mtindo wa Dynamite Kid tangu utotoni na kunolewa Calgary, alipomuua mkewe na mtoto wao wa miaka saba kisha akajiua. Uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha uharibifu mkubwa wa aina inayohusishwa na kupigwa kichwani mara kwa mara. Si haki kumtwisha Stu mauaji yale. Lakini si haki pia kuisimulia historia ya Calgary kama kwamba ugumu ulioabudiwa huko haukuwa na bei. Chumba cha chini kiliwafundisha vijana kuvumilia, na wengi wao walivumilia mambo ambayo walipaswa kuyakataa: dawa za maumivu, homoni za kujaza misuli, usiku 300 kwa mwaka barabarani.

Kizazi cha tatu kimeuchukua urithi kwa namna yake. Natalya, binti wa Jim Neidhart na Ellie, mmoja wa mabinti wa Stu, ndiye mwanamke wa kwanza wa ukoo huo kufundishwa katika Dungeon. Tarehe 31 Oktoba 2019, Riyadh, yeye na Lacey Evans walicheza mechi ya kwanza ya mieleka ya wanawake kufanyika Saudi Arabia, wakiwa wamevaa mavazi ya kufunika mwili na fulana juu yake. Natalya alishinda kwa Sharpshooter.

Mumewe, TJ Wilson, alikuwa mmoja wa vijana wa mwisho kupita kwenye chumba kile. Alivunjika shingo ulingoni mwaka 2015 na hakupigana tena. Wawili hao wanaendesha sehemu yao ya mazoezi Tampa, Florida, waliyoipa jina la Dungeon 2.0, na kazini Wilson akawa mwandaaji wa mechi, hasa za wanawake: hukaa na wapinzani kabla ya onyesho, wakapanga hatua kwa hatua nani ataanguka wapi, kutoka kimo gani, na nani atakuwa chini kumdaka.